Uvira Si Mbali na Simbo

Juma lililopita nilikuwa Simbo, si mbali na mjini Kigoma, nikinunua mawese. Mama mtu mzima aliyekuwa akinipimia aliniuliza kwa nini redio inaitaja Uvira kila mara. Nikamjibu harakaharaka kwamba hayo ni mambo ya Kongo na Rwanda. Akacheka. "Mwanangu, mambo ya Kongo yakizidi huja kulala kwetu."

Alisema kweli kunishinda. Tarehe 4 Desemba 2025 Marais Félix Tshisekedi na Paul Kagame walikutana Washington kuthibitisha makubaliano ya amani. Hata wiki haikuisha. Tarehe 10 wapiganaji wa M23 wakaingia Uvira, mji ulio ncha ya kaskazini ya ziwa letu, ng'ambo ya Bujumbura. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza kwamba Rwanda inaiunga mkono M23, Kigali inakanusha. Burundi nayo ilikwisha kupeleka askari kulisaidia jeshi la Kongo, na Januari 2024 ilifunga mpaka wake na Rwanda. Na wote watatu ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki!

Wapo wanaosema sisi tuna reli na bandari, basi tuwabane. Tulikwisha kujaribu. Julai 1996, Meja Pierre Buyoya aliponyakua madaraka Bujumbura, nchi jirani zilikutana Arusha zikaiwekea Burundi vikwazo. Lakini ziwa halina geti. Magendo yalishamiri, wenye vyombo na vyeo wakanufaika, na mwananchi wa kawaida akanunua petroli kwa bei ya kuruka. Januari 1999 vikwazo vikasitishwa. Wanaovitetea husema vilimsukuma Buyoya kwenye mazungumzo, na hoja hiyo siipuuzi. Ila asingesukumwa popote kama pasingekuwa na meza inayomngoja.

Meza hiyo aliiandaa Mwalimu Nyerere, kwanza Mwanza mwaka 1996, kisha Arusha kuanzia 1998. Alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, Mzee Mandela akaipokea kazi, na mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Risasi hazikunyamaza siku hiyo, lakini Warundi walikuwa na karatasi ya kurejea.

Na safari hii? Tarehe 8 Februari 2025 wakuu wa Afrika Mashariki na wa SADC walikutana Dar es Salaam wakataka mapigano yakome. Rais Kagame alifika, Rais Tshisekedi akashiriki kwa video. Kisha mazungumzo yakahamia Doha na Washington. Naielewa tahadhari ya Serikali: mizigo ya Kongo na ya Rwanda hupita bandari ya Dar es Salaam, na mwenye duka hapendi kuamua ugomvi wa wateja wake. Lakini Doha haina Nyarugusu. Kambi hiyo ya Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita. Watoto waliozaliwa humo wamekua, wakazaa humo humo.

Nilipokuwa nikifunga dumu langu, yule mama aliuliza ni lini wakubwa hao wataitwa tena Arusha. Nikamwambia sijasikia. "Basi ukisikia," akasema, "utangaze mapema."