Ng'ombe wa Mnadani na Kadi ya Bima
(Mazungumzo kwenye harambee ya mwaka ya chama chetu, Desemba 2024)



Katibu amenipa dakika kumi na kunionya kwamba mhasibu akishika maiki, chakula hupoa. Nitajitahidi.

Miaka michache iliyopita baba yangu mdogo aliugua tumbo kule kijijini. Alikaa wiki tatu akinywa dawa za dukani, kwa sababu aliogopa gharama za hospitali. Alipozidiwa ndipo akapelekwa wilayani, na wilayani wakaona afike Mwanza. Simu zikaanza kupigwa usiku. Tukachangishana kwenye kundi la familia, huyu elfu kumi, yule elfu ishirini, na haikutosha. Siku ya mnada wakapelekwa ng'ombe watatu. Mnaijua minada yetu: mnunuzi akishasikia una mgonjwa, bei inashuka palepale. Mzee alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini wawili kati ya wale ng'ombe walikuwa wa kulimia, na mwaka ule shamba lililimwa kwa jembe la mkono, robo yake tu. Kijana wake aliyekuwa aende chuo alibaki nyumbani.

Nimesema haya kwa sababu najua nusu ya waliokaa humu wana hadithi ya namna hiyo, na mara nyingi ni ninyi mliopigiwa simu.

Sasa tuje kwenye hesabu. CHF iliyoboreshwa, ambayo Serikali iliianzisha upya mwaka 2018, kwa kiwango cha mwaka 2024 kaya ya watu hadi sita inalipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Gawa kwa sita, ni 5,000 kwa mtu. Gawa tena kwa siku 365, haifiki shilingi 14. Kadi hiyo inamtibu mtu kuanzia zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya mpaka ya rufaa ya mkoa, kwa sisi ni pale Kwangwa, Musoma. Inaishia hapo. Ukipewa rufaa ya Bugando, unalipa mwenyewe. Nasema wazi ili mtu asije akanilaumu. Baba yangu mdogo angekuwa na kadi, isingemlipia Mwanza. Ila asingekaa wiki tatu nyumbani, na inawezekana tumbo lile lingeishia wilayani.

Jambo lingine: kaya zetu si za watu sita. Nyumba yenye wake wawili, watoto tisa na bibi yao inahitaji kadi mbili au zaidi. Kaya ya nyumba ntobhu nayo ni kaya. Bibi na mkewe na watoto wao wasiachwe nje eti hakuna mwanaume wa kuandikwa juu ya fomu. Afisa mwandikishaji wa kijiji aelezwe vizuri mapema.

Wapo watakaosema, CHF ilikuwapo tangu zamani, mbona haikusaidia? Ni swali zuri. Ilianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996 na sheria yake ikatungwa mwaka 2001. Nijuavyo mimi, imeyumba kwa mambo mawili. La kwanza ni letu wenyewe: tunakata kadi siku tunapougua. Mfuko wa namna hiyo haujazi, kama ghala linalofunguliwa siku ya njaa tu. Mliona Toto Afya Kadi. Mzazi alilipa 50,400 kwa mtoto mmoja, wengi wakawaandikisha wale waliokwisha kuugua, malipo kwa hospitali yakazidi mbali michango, na mwaka 2023 NHIF wakasitisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja. Kwa mhasibu yeyote hilo halikuwa la kushangaza. La pili ni la watoa huduma: unafika na kadi, unaandikiwa dawa, unaambiwa kanunue nje. Mama akiambiwa hivyo mara mbili, mwaka wa tatu hakati kadi tena, na mimi simlaumu.

Ndiyo maana naomba wenzetu mlioko nyumbani muijue kamati ya usimamizi ya zahanati yenu. Fedha za kituo zinaingia kwenye akaunti ya kituo chenyewe, na wajumbe wa kamati ni wanakijiji wenzenu. Waulizeni kwenye mkutano wa kijiji: mwezi huu zimeingia shilingi ngapi, dawa gani zimeagizwa Bohari ya Dawa, zipi zimekosekana. Sisi tunaojua kuulizana juu ya ng'ombe mmoja aliyepotea mpaka apatikane, tunashindwaje kuuliza habari za dawa?

Na mambo yanabadilika. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Kwa sheria hiyo bima inakuwa ya lazima kwa kila mkazi wa Tanzania Bara, na umewekwa mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Mtakumbuka muswada ulipoletwa mwaka 2022, kiwango kilichotajwa kwa kaya ya watu sita kilikuwa 340,000, watu wakapiga kelele na kwa haki. Gawanya mwenyewe, ni zaidi ya mara kumi na moja ya CHF. Kwa hiyo tusijipange kana kwamba elfu thelathini itadumu. Wenzetu wa Sirari wanaona kwa jirani: Kenya walianza mfumo mpya wa SHA tarehe 1 Oktoba 2024, mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na asiye na ajira analipa si chini ya shilingi 300 za kwao kila mwezi. Mageuzi ya namna hii yakifika hayamsubiri mtu auze ng'ombe kwanza.

Sasa fedha za leo. Najua kamati ilipendekeza zote ziende kwenye boma la zahanati. Sisi tunapenda ukuta. Ukuta unapigwa picha. Sipingi boma, likamilike. Lakini naomba theluthi moja ya makusanyo itengwe kwa kadi. Kwa kiwango hicho cha mwaka 2024, kila shilingi milioni tatu ni kaya mia moja kwa mwaka mzima. Na hapa nina sharti, wala si la utani. Chama kisimlipie mzazi wa mtu mwenye mshahara. Wewe uliye Mwanza, Dar es Salaam au Arusha, kadi ya kwenu ni yako, na orodha ya waliolipa itasomwa hapa mwakani. Fedha za chama ziwe za wajane, wazee wasio na mtoto mjini, na kaya ambazo mkutano wa kijiji wenyewe utazitaja. Malipo yafanyike kwa namba ya malipo ya Serikali, stakabadhi iletwe kwa mweka hazina. Hakuna kumkabidhi mtu fedha mkononi, hata akiwa shemeji yangu.

Tukianza, tusiache. Kadi inakufa baada ya mwaka, na kaya iliyolipiwa mara moja ikaachwa itatudharau zaidi ya ile ambayo hatukuigusa. Kama hatuna uhakika wa miaka mitatu kwa kaya mia, tuanze na arobaini.

Fomu ziko kwenye meza ya mlangoni, karibu na soda. Andika jina la kijiji, idadi ya watu wa kaya yenu, na tarehe utakayolipa. Mimi nimeshajaza yangu: kadi tatu, watu kumi na saba. Ya baba mdogo ni ya kwanza.