Shikamoo kwa Mtu Usiyemjua: Salamu na Ugeni Mjini Mpanda



Mwaka 1963 mwanasosholojia Erving Goffman alieleza adabu moja ya miji ya Marekani: wasiojuana wanapopishana, kila mmoja humtupia mwenzake jicho mara moja, kisha huliondoa. Kutomsemesha ndiko kumstahi. Atakayeileta adabu hiyo katika stendi ya mabasi ya Mpanda ataonekana ama ana kiburi ama ana lake jambo. Hapa, anayetaka kuuliza basi la Sumbawanga huondoka saa ngapi hujisogeza kwanza mahali pa kuonekana, maana kumjia mtu kwa nyuma ni kumshtua. Kisha husalimu, husubiri kuitikiwa, ndipo huuliza.

Vitabu vya kufundishia husema shikamoo hutolewa na mdogo kwa mkubwa. Ni kweli, ila kanuni hiyo huchukulia kwamba umri unajulikana. Umri wa mgeni hukisiwa. Msalimiaji husoma mvi, mavazi, mwendo, hata mtoto aliyebebwa mgongoni, halafu hutangaza hadharani alichokisoma. Ndiyo maana mwanamke wa miaka 35 huweza kuitikia marahaba kwa shingo upande: amezeeshwa mbele ya watu. Naye mzee aliyeambiwa “mambo” amenyang’anywa miaka yake. Kati ya makosa hayo mawili, wasemaji wengi huona heri la kwanza, nami naona wana busara.

Kwa nini Mpanda? Kwa sababu Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, umejaa watu waliotoka kwingine. Wabende, Wakonongo na Wapimbwe walijiwa na wafugaji wa Kisukuma na, tangu miaka ya 1970, wakimbizi wa Burundi waliopewa makazi Katumba na Mishamo. Msukuma ana mwangaluka yake ya asubuhi, Mrundi ana mwaramutse. Kumsalimu usiyemjua kwa mojawapo ya hizo ni kumkisia kabila, na kosa hilo huuma kuliko la umri. Shikamoo haiulizi kabila.

Lakini lafudhi hulijibu swali ambalo halikuulizwa. Kwa miaka mingi mkimbizi alihitaji kibali ili atoke nje ya makazi. Fikirini hali yake sokoni: akisalimu, matamshi huweza kumfichua, akinyamaza, ukimya wenyewe humtangaza kuwa mgeni, tena asiye na adabu. Maombi ya uraia ya watu zaidi ya 160,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu yalikubaliwa mwaka 2010, na hati zikaanza kutolewa mwaka 2014. Hati haibadilishi matamshi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na nadharia mashuhuri ya Brown na Levinson, inayotilia mkazo jinsi msemaji anavyoweza kuitishia staha ya msikilizaji. Katika mfano wetu, anayejiweka hatarini zaidi ni yule anayesalimu. Data za kulipima dai hili ni chache, kwa kuwa imezoeleka kuwasha kinasa sauti baada ya salamu kwisha, mahojiano “halisi” yanapoanza. Wanafunzi mtakaokwenda uwandani Katavi, nawaomba, kwa ridhaa ya wenyeji wenu, mziingize salamu hizo katika data zenu, pamoja na zile zisizoitikiwa.