Ukurutu wa mtoto uandikiwe karatasi

(Mada iliyotolewa kwa wazazi baada ya swala ya Alasiri)



Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an inatuamrisha kuandikiana madeni. Basi ikiwa shilingi huandikwa isije ikasahauliwa, ni ajabu kwamba maagizo ya tabibu juu ya ngozi ya mtoto tunayaachia kumbukumbu ya mama aliyetoka hospitali na mtoto anayelia mgongoni.

Ukurutu, ambao wengi huuita pumu ya ngozi, si maradhi ya kumaliza dozi na kusahau. Huja na kuondoka kwa miezi na miaka. Na mtoto huyo hana mlezi mmoja: asubuhi yuko kwa mama, mchana kwa bibi, jioni kwetu madrasa. Bibi humsugua kwa dodoki akidhani ni uchafu. Baba hununua dukani dawa ya kupaka asiyoijua nguvu yake. Mwalimu humtenga jamvini akihofia wenziwe, ilhali ukurutu hauambukizi. Wote wana nia njema, na mtoto anakesha akijikuna.

Mwombeni tabibu aandike. Ngozi ikiwa tulivu, mtoto apakwe mafuta ya kulainisha kila siku. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2007 kwa watoto walio chini ya miaka 12 unataja gramu 250 hadi 500 kwa wiki, nasi kopo dogo la mafuta ya mgando tunataka lifike mwisho wa mwezi! Ugonjwa ukichachamaa, karatasi itaje dawa ya steroidi kwa jina, ipi ni ya uso na ipi ya mwili, mara ngapi kwa siku, na lini iachwe. Kipimo chake ni chepesi: mstari wa dawa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi pingili ya kwanza hutosha eneo la viganja viwili. Kukitokea usaha, homa, au malengelenge yenye maumivu yaliyokusanyika pamoja, mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Yako maelezo yasemayo ngozi "huwa nyekundu". Kwa weusi wetu wekundu huo haubainiki. Ngozi hukoza weusi, au huwa ya kijivu, ikakakamaa. Tabibu aandike dalili za ngozi ya mtoto huyu. Tena ikipona huacha mabaka, na wazazi huituhumu dawa wakaitupa, ilhali mara nyingi ni athari ya ugonjwa wenyewe. Ni kweli kuwa steroidi kali ikipakwa kiholela kwa muda mrefu hukondesha na kuchubua ngozi. Ndiyo maana lazima siku ya kuacha iandikwe.

Ama kuhusu udhu, mtoto atawadhe, ajikaushe taratibu, kisha apakwe mafuta.

Nakala moja ibandikwe nyumbani, nyingine aletewe ustadhi. Na iwe na tarehe, kwani mtoto hukua na dawa hubadilishwa.