Mtoto na Elimu Yake
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Silibwet)



Wazazi hutuuliza neno moja. Kijana yuko chuo kikuu, somo lake kubwa ni hesabu au kilimo. Sasa ataka kuongeza, kama somo la pili, elimu ya jinsi mtoto anavyokua na kujifunza. Mzazi hunung'unika: "Nimeuza ng'ombe ili akasomee ulezi?" Jibu letu ni hili: mwacheni asome. Elimu hiyo yatuhusu sana.

Kwanza, sehemu yake ilitoka kwetu. Kuanzia mwaka 1972 Wamarekani wawili, Sara Harkness na Charles Super, walikaa na wakulima wa Kipsigis mahali walipopaita Kokwet. Waliona watoto wetu wakikaa na kutembea karibu mwezi mmoja mapema kuliko watoto wa Marekani. Lakini katika kutambaa hawakuwatangulia. Kwa nini? Mama zetu humfundisha mtoto kukaa na kutembea, kutambaa hawamfundishi. Super aliandika habari hiyo mwaka 1976. Basi si damu tu, ni mafundisho.

Pili, waliwataka watoto wadogo wasimulie hadithi mbele ya mtu mzima. Wengi walinyamaza. Je, ni wajinga? Hasha! Wamefundishwa kusikiliza wakubwa na kutenda wanalotumwa. Kikipsigis kina maneno mawili: ng'om en gaa, yaani mwenye akili nyumbani, na ng'om en sukul, mwenye akili shuleni. Mwalimu asiyejua tofauti hiyo atamwita mtoto mjinga siku ya kwanza, na jina hilo litamganda.

Tatu, ndugu, ni kazi yetu wenyewe. Mama akienda kuchuma chai alfajiri, mtoto abaki na nani? Pengine na dada yake, ambaye naye alipaswa kuwa shuleni. Pengine na mlezi mmoja mwenye watoto tele. Wengine hudhani kazi ya mlezi ni kunyamazisha kilio. Sivyo. Anayezungumza na mtoto, akamwimbia, akampa vijiti ahesabu, huyo anajenga akili. Huo ni ufundi, na fundi hulipwa kama fundi.

Katiba ya 2010 iliweka elimu ya chekechea mikononi mwa serikali za kaunti. Sheria ya Afya ya 2017 yamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha kazini. Lakini tukiketi mezani na waajiri, nani atawaeleza mtoto ahitaji nini, na mlezi mmoja aweza watoto wangapi? Hatuwezi kudai vizuri jambo tusilolijua.

Kwa hiyo twawaomba wazazi: msimzuie kijana huyo. Naye akimaliza, na arudi hapa atufundishe. Udongo upate ungali maji.