Kazi ya Mwaka Ianzie kwenye Lango la Shule



Nimeombwa nizungumzie mpango kazi wa mwaka wa chama chetu cha usalama barabarani katika kupunguza vifo. Wote tunaifahamu Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani: maandamano, mgeni rasmi, ukaguzi wa magari, stika kwenye vioo. Siibezi. Inawakutanisha trafiki, madereva, walimu na waandishi wa habari, jambo ambalo ni gumu kulifanya siku nyingine. Ila ikishapita, watoto wanaendelea kuvuka barabara zilezile asubuhi na mchana. Hoja yangu leo ni moja: fedha na nguvu za chama ziende kwanza kwenye barabara yenyewe, mbele ya shule za msingi, ndipo tufikirie fulana na mabango.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Hapa kwetu Tanzania mtoto wa shule ya msingi, mara nyingi, anakwenda kwa miguu. Anapita ukingoni mwa lami kwa sababu njia ya waenda kwa miguu haipo, au ipo lakini imejaa meza za biashara na bodaboda zinazosubiri abiria.

Tumemfundisha atazame kulia, kushoto, kisha kulia tena. Tuendelee kumfundisha. Lakini mtoto wa miaka saba hajaweza kukadiria sawasawa kasi ya gari linalomjia, na kimo chake kinamficha nyuma ya daladala iliyosimama. Gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde, na likiwa kwenye 80 linakula mita 22. Mita hizo zinakwisha kabla mguu wa dereva haujagusa breki. Tena mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya kishindo inakuwa mara nne. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la usalama barabarani, la Februari 2020, lilitaka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa pale watu na magari wanapochanganyika. Kumtwika mtoto hesabu hizi, halafu akigongwa tukasema alivuka bila kuangalia, ni kumwonea.

Mfano wa kufuata tunao hapahapa nyumbani. Amend, shirika lisilo la kiserikali la usalama barabarani, lilianza Dar es Salaam na shule zilizokuwa na majeruhi wengi, likachunguza mazingira ya kila moja na kuyarekebisha. Vitu vyenyewe ni vya kawaida: njia za miguu, matuta, vivuko, alama, nguzo fupi za kuzuia magari yasipande pembeni, na penye uwezekano lango la shule likahamishiwa upande wenye magari machache. Watoto wakafundishwa pia, lakini juu ya barabara iliyokwisha kurekebishwa. Utafiti uliolinganisha shule hizo na nyingine ambazo hazikuwa zimefanyiwa marekebisho ulionyesha kuwa kiwango cha majeruhi kilipungua kwa asilimia 26. Mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya miji ya taasisi ya World Resources Institute (WRI), ukishindana na miradi kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Nasikitika kwamba wengi wetu tunaweza kutaja kaulimbiu za Wiki ya Nenda kwa Usalama za miaka iliyopita, lakini mradi huu hatuujui.

Niseme kidogo juu ya matuta, kwa kuwa madereva wanayalalamikia. Sote tumeona inavyokuwa: mtoto anagongwa, wananchi wanafunga barabara kwa mawe na matairi, na baada ya hapo ndipo tuta linawekwa. Tuta hilo lilikuwa linawezekana tangu mwanzo. Kinachoniuma ni kwamba wakazi wa pale, mama lishe, kondakta na mwalimu wa zamu walikuwa wanaijua hatari hiyo siku zote, na hakuna aliyekwenda kuwauliza. Kuwauliza ni kazi yetu. Naamini chama kinachowaandikia mapema wenye barabara kinaweza kuokoa maisha mengi kuliko chama kinachotoa rambirambi.

Kwa hiyo napendekeza kila tawi lichague shule chache tu, zile zenye hatari kubwa. Tukae langoni saa za kuingia na kutoka, tuhesabu wanaovuka, tuwaombe trafiki watupimie mwendo kwa tochi, tuulize walimu na zahanati ya jirani ni watoto gani wameumia na wapi. Kisha tujue barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya Wakala wa Barabara (TANROADS), za mitaa na vijijini ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Barua ya kuomba marekebisho ikipelekwa kusikohusika inazunguka mezani miezi mingi.

Na kalenda yetu ifuate ya bajeti. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili, lakini halmashauri na wakala huanza kupanga miezi mingi kabla. Tukipeleka takwimu zetu mwezi Mei tumeshachelewa mwaka mzima. Vipimo vikamilike kufikia Oktoba, barua zifike Novemba zikiwa na muhuri wa shule na wa serikali ya mtaa, na Januari shule zinapofunguliwa turudi kwenye malango yaleyale, tupime tena.