Zana Ielezwe Ieleweke
(Hotuba iliyotolewa siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)

Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu. Mimi ni mtumishi wa serikali katika kitengo cha kompyuta, na wengi wenu mnadhani kazi yetu ni kufunga nyaya. Mwaka huu kazi iliyonitoa jasho zaidi ni kuandika sentensi.

Kwanza makontena. Sisemi yale ya bandarini, ingawa jina limetoka huko. Kontena letu ni kifurushi chenye programu pamoja na vitu vyote inavyohitaji ili ifanye kazi, hata ukiihamishia kompyuta nyingine isigome. Docker, iliyotoka mwaka 2013, ndiyo iliyoyaeneza. Kuyaanzisha, kuyasimamisha na kuyaondoa ilikuwa kazi ya watu. Siku hizi sehemu ya kazi hiyo hukabidhiwa wakala wa akili mnemba: unamweleza shida kwa lugha ya kawaida, naye anachagua zana ya kutumia.

Anachaguaje? Wakala haoni undani wa zana. Anachopewa ni jina lake, maelezo mafupi, na orodha ya mambo ya kujaza. Hata utaratibu uitwao MCP, uliotangazwa na kampuni ya Anthropic mwezi Novemba 2024, unampa hayo hayo. Basi asichokisoma hapo atakikisia.

Mimi niliandika zana nikaiita "safisha_kontena". Maelezo yake: "Husafisha kontena lenye matatizo." Basi. Nilijua moyoni kwamba maana yake ni kuliondoa kabisa. Jioni moja kontena la majaribio likawa linajibu polepole, mwenzangu akamwambia wakala alishughulikie. Wakala akaona "lenye matatizo", akaliondoa. Ndani mlikuwa na kazi ya wiki mbili ya kijana aliyekuja kwetu kwa mafunzo, nayo haikuwekwa kwenye volumu, yaani hifadhi iliyo nje ya kontena. Haikurudi. Tulimlaumu wakala nusu saa nzima, kisha nikaisoma tena sentensi yangu. Kijana yule hakusema neno. Alianza upya tangu karatasi ya kwanza.

Sasa zana hiyo inaitwa "ondoa_kontena", na maelezo yake ni haya: "Huondoa kontena lililokwisha kusimamishwa. Data iliyoandikwa ndani ya kontena, nje ya volumu, hupotea na hairudi. Usiitumie kwa kontena lililo polepole. Soma kwanza kumbukumbu zake. Taja jina kamili la kontena. Pata kibali cha mtu kabla ya kuitumia." Ni ndefu, najua. Wapo wenzangu wanaopenda ufupi. Mimi ufupi ule umekwisha kunigharimu.

Tazameni pia kusimamisha na kuua. Docker ikisimamisha, huiomba programu ijifunge yenyewe, kwa kawaida husubiri sekunde 10, ndipo huikata kwa nguvu. Ikiua, haisubiri. Hifadhidata iliyo katikati ya kuandika itaiona tofauti hiyo. Kwa hiyo zana mbili zenye sura moja lazima kila moja iseme lini itumike yenyewe na lini itumike nyenzake. Na ukiandika "muda", sema ni sekunde au dakika. Zana ya kusoma kumbukumbu nayo iseme italeta mistari mingapi; yetu huleta 100 ya mwisho, maana ikimwagwa yote wakala huzama humo akasahau alichotumwa.

Wako wanaodhani maelezo mazuri yanatosha. Sikubaliani nao. Maelezo si kufuli. Wakala wetu hivi sasa hana ruhusa kabisa ya kugusa makontena yenye taarifa za wananchi.

Vijana, nina ombi. Maelezo ya zana zetu nimeyabandika kwenye ubao wa maktaba. Nawahitaji hasa wa kidato cha kwanza, ambao hawajapata kuliona kontena la namna hii. Someni, kisha mniambie kila zana mngeitumia lini. Mtakapokwama, wekeni alama kwa penseli. Nitakuwa pale maktaba mpaka saa kumi jioni.