Usiku wa Kupimwa Usingizi

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo pengine hamjapata kulisikia katika kipindi hiki, nalo ni hofu ya mtu aliyeambiwa na daktari aende kulala hospitalini usiku mmoja ili usingizi wake upimwe, naye anajiuliza, "Je, nisipolala?"

Yupo atakayecheka. Atasema, watu wana njaa, watu wana madeni, na kasisi anazungumza juu ya kulala! Na asubiri kidogo. Katika parishi yetu yupo baba mmoja, dereva wa lori, mtu mzima mwenye wajukuu. Kwa miaka mingi amekuwa akikoroma sana usiku, kisha kukoroma kunakatika ghafula, kimya, halafu anashtuka na kuvuta pumzi kama mtu aliyeopolewa majini. Mkewe ndiye aliyetueleza. Mama huyu amezoea kulala mkono wake ukiwa juu ya kifua cha mumewe, akingoja pumzi irudi. Mchana baba husinzia: akila, akiongea na wageni, hata akiwa kwenye usukani. Siku moja alizinduka lori limekwisha kutoka barabarani, magurudumu ya kushoto yako majanini. Mungu alimhifadhi. Daktari alipoyasikia hayo aliagiza kipimo cha usingizi, watoto wakachanga fedha, siku ikapangwa. Juma moja kabla ya siku yenyewe, baba akaja kwetu akisema anataka kuahirisha.

"Mchungaji," alisema, "nyumbani kwangu nalala. Huko nitafungwa waya toka kichwani hadi miguuni kama redio mbovu, na mtu nisiyemjua ananitazama. Nitakesha mpaka jogoo awike, na pesa za watoto zitakuwa zimekwenda bure."

Hatukumcheka. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Tena hofu hii si ya baba huyu peke yake. Karibu kila anayeandikiwa kipimo hiki huwa nayo, awe mkulima au profesa.

Kwanza tueleze kinachofanyika, maana sehemu kubwa ya hofu hutoka katika kutojua. Mtu hufika hospitalini jioni, amekwisha kula, amebeba nguo zake za kulalia. Hupewa chumba cha peke yake. Fundi wa kipimo humbandika vidude vidogo vyenye waya: kichwani vya kupima umeme wa ubongo, kando ya macho vya kuonyesha macho yanavyotembea, kidevuni na miguuni vya misuli, kifuani vya moyo. Mikanda miwili huzungushwa kifuani na tumboni, mrija mwembamba huwekwa puani, na kidoleni hubanwa kidude chenye taa kinachopima oksijeni katika damu. Hakuna sindano. Hakuna umeme unaotiwa mwilini. Mashine inasikiliza tu. Kisha taa huzimwa, na fundi huenda kukaa chumba cha pili akitazama mistari kwenye kioo kama cha televisheni, pamoja na picha ya kamera inayoona gizani. Ukitaka kwenda msalani, unaita tu. Atakuja, atachomoa kisanduku kimoja, utakwenda na kurudi.

Ufundi huu si wa jana. Daktari Mjerumani, Hans Berger, aliandika umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924. Mwaka 1953 huko Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walitangaza kwamba yako majira katika usiku ambapo macho ya mtu aliyelala hukimbiakimbia chini ya kope, na kwamba ukimwamsha wakati huo mara nyingi atakusimulia ndoto. Mmoja wa wale wa kwanza kubandikwa waya zile alikuwa mtoto wa Aserinsky mwenyewe, kijana mdogo wa miaka minane hivi. Naye alilala.

Sasa tufike kwenye neno ambalo baba yetu hakuwa ameambiwa na mtu yeyote. Madaktari wanajua tangu zamani kwamba hutalala vizuri kwao. Mwaka 1966 wataalamu watatu wa Marekani, Agnew, Webb na Williams, waliandika kwamba katika usiku wa kwanza wa kipimo mtu huamka mara nyingi zaidi na huwa na usingizi mchache wa ndoto kuliko usiku unaofuata. Wakaiita athari ya usiku wa kwanza. Na mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, huko huko Marekani, walionyesha kwamba mtu akilala mara ya kwanza mahali pageni, nusu ya kushoto ya ubongo wake hulala usingizi mwepesi kuliko nusu ya kulia, na huitika upesi kwa sauti ngeni. Ndugu zetu wa Shimoni na Wasini wanawajua pomboo. Wanyama wale wa baharini hulala nusu ya ubongo, nusu ya pili ikibaki macho wapate kupanda juu na kuvuta pumzi. Basi nasi, tukiwa ugenini, tunacho kitu kidogo cha namna hiyo. Ubongo umeweka askari mlangoni. Mtu asijilaumu kwa kuwa na askari.

Kwa hiyo anayesoma kipimo chako hatarajii usingizi wa nyumbani. Anatarajia usingizi wa mgeni, na huo unamtosha mara nyingi. Hebu tupige hesabu. Madaktari huhesabu kila mara pumzi inapokatika, au inapopungua sana, kwa sekunde 10 au zaidi. Zikifika mara 30 kwa saa moja, ugonjwa huo huitwa mkali. Basi mtu mwenye mara 30 kwa saa, akilala saa mbili tu, amekwisha kuonyesha jambo hilo mara 60. Nani atahitaji ushahidi zaidi? Hata ziko hospitali ambazo, zikipata saa mbili za namna hiyo, huanza kumjaribia mgonjwa mashine ya kumtibu usiku ule ule bila kungoja kesho.

Hatusemi kwamba haitokei kabisa kipimo kurudiwa. Hutokea. Mwingine usingizi hukataa kweli kweli, au humjia kidogo mno, na daktari humwita tena, au humpa kipimo kidogo cha kwenda kujifunga mwenyewe nyumbani. Fedha ni fedha, na hilo linauma. Lakini ulizeni mapema, kabla ya siku yenyewe, itakuwaje ikiwa kipimo hakikutosha: je, mtalipa tena yote au sehemu? Ni swali halali, wala halina aibu.

Wengi wetu tuliolelewa mashambani tumewahi kutumwa kufunga kuku jioni. Ukiwaacha, jua likizama huingia bandani wenyewe, mmoja mmoja, wakinung'unika. Mtoto akianza kuwafukuza ili waingie upesi akacheze, hutawanyika kila upande, na mwisho wake giza linamkuta chini ya ua wa jirani akimtafuta jogoo. Usingizi una tabia hiyo. Anayelala huku akijiamuru, "Lala sasa, lala, saa zinakwenda," anawafukuza kuku. Moyo unapiga mbio, mwili unapata joto, masikio yanasimama. Tulimwambia baba: wewe ukifika huko kazi yako si kulala. Kazi yako ni kujinyoosha kitandani gizani na kutulia. Hilo unaliweza, hata kwa waya mia moja. Usingizi ukija, vema. Usipokuja, umepumzisha mgongo.

Alinyamaza. Ndipo tukatambua kwamba ilikuwapo hofu nyingine chini ya ile ya kwanza. "Na wakiuona ugonjwa," akasema, "tajiri atanipokonya lori."

Hapo hatukumbembeleza. Tulimkumbusha yale magurudumu yaliyokuwa majanini, na watu wanaotembea kando ya barabara asubuhi, akina mama na mitungi, watoto wa shule. Tulimwomba asishike usukani hata kidogo mpaka daktari aseme. Lakini pia tulimweleza kwamba ugonjwa huu wa pumzi kukatika usingizini una dawa, ijapokuwa si ya kunywa. Zamani mgonjwa aliyezidiwa alitobolewa koo apate kupumua. Mwaka 1981 daktari wa Sydney, Colin Sullivan, pamoja na wenzake, walitangaza mashine inayosukuma hewa polepole kwa njia ya pua, ikaizuia koo isijifunge. Tangu hapo watu wengi ulimwenguni hulala na mashine hiyo kila usiku, na mchana wanafanya kazi zao, madereva wakiwamo. Anayepaswa kuogopewa barabarani ni yule asiyejua kwamba anaumwa.

Basi alikwenda. Kesho yake alirudi na alama za gundi kipajini, akaapa kwamba hakupata hata lepe la usingizi. Majibu yalipotoka, mashine ilikuwa imehesabu zaidi ya saa nne.

Hakusema uongo. Mtu akiwa katika usingizi mwepesi, ukimwamsha, mara nyingi husema alikuwa macho. Sisi makasisi tunalijua hilo vizuri kuliko wengi. Kutoka mimbarani tunaona kidevu cha mzee kikishuka taratibu wakati wa mahubiri, kofia inaanguka, na baadaye mlangoni anatushika mkono akisema, "Mchungaji, nilifumba macho tu ili nisikie vizuri." Tunamsadiki. Ndivyo anavyojua yeye. Hivyo, msikilizaji, asubuhi ya kipimo usiwe wewe wa kujitolea hukumu kwamba umeshindwa. Iache mistari iseme.

Wako pia Wakristo wanaomwambia mtu asiyelala kwamba imani yake ni haba, na kumtajia Zaburi ya 127 kana kwamba ni kiboko. Tunawasihi waache. Usiku ule wa Gethsemane, Bwana ndiye aliyekuwa macho, na wanafunzi ndio waliolala fofofo. Hatujapata kumsikia mtu akisema kwamba wanafunzi walikuwa na imani kubwa zaidi. Mfalme Ahasuero alipokosa usingizi hakupigana nao. Aliagiza aletewe kitabu cha kumbukumbu asomewe, na kwa ajili ya kusoma kule Mordekai akakumbukwa. Yakobo naye, safarini, pasipo nyumba wala mto, aliweka jiwe chini ya kichwa chake akalala mahali asipopajua. Tunapenda kuwawazia wawili hawa pamoja, mmoja katika jumba la kifalme akigeukageuka, na mwingine juu ya jiwe akiota.

Sasa maneno machache kwa yule ambaye siku yake imekaribia. Hapa Kenya kipimo hiki hakipatikani kila mahali. Hufanywa katika hospitali chache, hasa za mijini, na wengine hutoka mbali. Fika mapema, usiingie umechoka kwa safari na kugombana na makondakta. Osha nywele, usitie mafuta, maana gundi haishiki penye mafuta. Mama mwenye nywele za kusuka au za kushonea na aulize hospitali kabla, kwa sababu vidude vile lazima vifike kwenye ngozi ya kichwa. Mchana ule usilale. Chai ya rangi na kahawa ziishie asubuhi, na pombe usiiguse. Dawa zako za kila siku zitaje zote kwa daktari, umwulize zipi unywe. Dawa ya usingizi usijinunulie mwenyewe dukani ili usaidie kipimo, kwa maana unaweza kukiharibu. Chukua mto wako wa nyumbani, na leso yako ikiwa umezoea kujifunika leso. Saa ya mkononi iweke mfukoni, na iliyo ukutani mwombe fundi aiondoe au aigeuze. Asubuhi usiendeshe gari. Njoo na mtu.

Na ikiwa umezoea kusali kwa sauti kabla ya kulala, sali. Fundi atakusikia kwa kile chombo cha chumba cha pili, lakini si neno. Huyo amekwisha kusikia watu wakikoroma, wakisaga meno, wakigombana na wakwe zao ndotoni. Yeye yuko macho usiku kucha, ndiyo kazi yake, nawe ukihitaji kitu saa 8 ya usiku, mwite.

Kwaherini.